"Heshimu Maoni Yangu": Tunadaiana Nini Hasa Tunapobishana Hadharani?

Kuna kauli mbili ambazo huzikosi pakizuka ubishi wa hadharani, iwe mkutanoni, redioni au kwenye kundi la WhatsApp. Ya kwanza ni "heshimu maoni yangu." Ya pili ni "nina uhuru wa kusema ninachotaka." Wanaozitamka huamini zimemaliza kesi. Mmoja kakosolewa takwimu zake, anajibu: heshimu maoni yangu. Mwingine kamtukania mwenzake wazazi, anajibu: uhuru wa kusema. Wanaosikiliza nao hugawanyika, na suala lenyewe lililowakutanisha, liwe la kodi, la dini au la malezi, linasahaulika kabisa.

Nimefuatilia mabishano ya aina hii kwa muda mrefu, na sidhani tena kwamba kelele nyingi hutokana na ubaya wa watu. Hutokana zaidi na maneno machache tunayoyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja: kustahimili, kuheshimu, kukubali, kunyamaza. Kila moja lina kazi yake. Tukiyatenga, mengi yatanyooka.

Mzigo na anayeubeba

Tuanze na ustahimilivu, kwa sababu neno lenyewe limeshatusaidia nusu ya kazi. Stahimili, himili na hamali, yaani mbeba mizigo, yote yana asili moja: kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kubeba. Hata mhimili, nguzo inayobeba paa, umetoka humo humo. Tangu kwenye mzizi wake, basi, kustahimili ni habari ya mzigo. Hakuna mtu anayesema anastahimili usingizi mzuri. Unastahimili kinachokulemea.

Kwa hiyo ili pawe na ustahimilivu lazima kwanza pawe na jambo usilolikubali. Pili, uwe na uwezo fulani wa kulizima: kumfukuza anayelisema, kumkatia kipaza sauti, kumzomea hadi akae chini. Tatu, uamue kutoutumia uwezo huo, kwa sababu unaona kuna jambo lenye uzito kuliko kero yako. Ondoa sharti la kwanza, kinachobaki ni kukubali tu, au kutojali. Ondoa la pili, kinachobaki ni unyonge: mfanyakazi anayenyamaza mbele ya bosi anayeweza kumfukuza kesho hajastahimili, amebanwa.

Chukua mwenyekiti wa mkutano asiyeipenda hata kidogo hoja ya mjumbe fulani. Wajumbe wengine wamepewa dakika tano kila mmoja, naye anampa huyu dakika zake tano kamili, anawanyamazisha wanaomkatiza, kisha wakati wa kura ukifika anapiga kura ya kuipinga hoja ile bila kusita. Hajabadilisha msimamo wake hata kwa unywele. Huo ndio ustahimilivu, mzima mzima.

Tarehe 16 Novemba 1995 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha azimio kuhusu jambo hili, na siku hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Kustahimiliana. Azimio linaeleza wazi kwamba kustahimiliana si kuvumilia dhuluma, wala si kuacha au kulegeza imani yako. Ni ajabu kwamba miaka mingi baadaye bado watu wengi wazuri wanaogopa neno hili wakidhani linawataka waache wanachokiamini.

Staha ni kitu kingine. Ustahimilivu hujibu swali la kama nitamwacha mwenzangu aseme. Staha hujibu swali la nitamjibuje. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Wapo wenye maneno laini kama pamba ambao wakati huo huo wanahakikisha mpinzani wao hapati nafasi ya kufungua kinywa. Wapo pia wenye ulimi mkali ambao hata siku moja hawatakubali ufungiwe mlango. Binafsi, nikilazimishwa kuchagua, nitakaa na huyu wa pili. Ila hakuna anayetulazimisha kuchagua.

Mtu na hoja yake

Sasa turudi kwa yule anayedai maoni yake yaheshimiwe. Heshima ziko mbili. Kuna heshima anayodaiwa kila mtu kwa kuwa tu ni mtu: asitukanwe, asidhalilishwe, asisingiziwe, asikilizwe zamu yake ikifika. Hii haipimwi kwa elimu wala umri wala kabila. Na kuna heshima inayopatikana kwa kazi, kama fundi anavyoheshimiwa kwa ukuta wake ulionyooka. Maoni yako katika kundi la pili. Hoja hupata heshima kwa kusimama inapoegemewa.

Fikiria daraja jipya. Kabla halijafunguliwa, wahandisi huweza kulipima kwa kupandisha juu yake malori yaliyojaa mizigo, wakaona kama litajipinda kupita kiasi. Hakuna anayesema wamemtukana aliyelijenga. Mjenzi mwenye akili ndiye wa kwanza kutaka lipimwe kabla basi la abiria halijapita. Lakini mtu akisimama kando na kumrushia mjenzi mawe, hajapima daraja. Amefanya jambo jingine kabisa, na daraja linabaki vile vile, zuri au bovu. Mabishano yetu mengi ni mawe kwa mjenzi, halafu tunayaita ukosoaji. Na malalamiko yetu mengi ni ya mjenzi anayeona lori likipanda daraja lake akalia kwamba amepigwa mawe.

Ipo pia tofauti ndani ya neno "maoni" lenyewe. Mtu akisema rangi nyekundu inamvutia kuliko bluu, hakuna cha kubishana. Ni ladha yake. Akisema tukio fulani lilitokea mwaka fulani, hayo si maoni hata akiyaita hivyo. Yanathibitishwa au yanakanushwa kwa ushahidi. Na akisema watoto wasiruhusiwe kubeba simu shuleni, amechanganya: kuna ndani yake madai ya ukweli (simu huathiri masomo kiasi fulani) na kuna kupima thamani (masomo yapewe uzito kuliko mawasiliano na nyumbani). Karibu kila jambo tunalogombania hadharani ni la aina hii ya tatu. Kwa hiyo swali lenye faida kubwa mapema katika ubishi ni hili: tunatofautiana kuhusu kilichopo, au kuhusu kinachofaa? Nimeona watu wakichoshana saa nzima, mmoja akileta takwimu na mwingine akileta maadili, na hakuna aliyekuwa anamjibu mwenzake.

Na uhuru wa kusema? Ibara ya 19 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inautaja, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 ukaupa nguvu ya mkataba. Haki hiyo humlinda mtu hasa dhidi ya dola: asifungwe kwa sababu ya maoni yake. Haimlindi dhidi ya kupingwa. Wala haisemi kwamba kila lisilokatazwa na sheria ni jema kulisema. Hakuna mahakama itakayokuhukumu kwa kumkatiza bibi yako kila anapofungua mdomo, na bado kila aliyepo atajua umekosa.

Mchezo mmoja, macho mawili

Kabla ya kulaumiana, ni vizuri kujua tunavyoona. Mwaka 1951 timu za vyuo vya Princeton na Dartmouth nchini Marekani zilikutana katika mpira wa Kimarekani. Ulikuwa mchezo mchafu. Nyota wa Princeton alitoka na pua iliyovunjika, na mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Magazeti ya vyuo yakaanza kushutumiana. Wasomi wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliona hapo jambo la kuchunguza, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mchezo huo na kuwataka wahesabu faulo. Filamu ilikuwa ile ile. Wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya faulo zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe.

Hawa hawakuwa wakidanganya. Kila upande ulikaa mbele ya picha zile zile ukahesabu kwa uaminifu, na ukapata jibu lake. Waliochapisha utafiti huo mwaka 1954 hawakusema mmoja alikuwa kipofu. Walisema, kwa namna fulani, hapakuwa na mchezo mmoja uliotazamwa.

Nikikumbuka habari hii ulimi wangu huwa mzito kutamka "mwongo". Mwongo ni mtu anayejua ukweli akauficha. Wengi tunaowaita waongo wameona faulo ambazo sisi hatukuziona, na sisi tumeona zile walizozikosa. Neno sahihi kwao ni "umekosea", na tofauti kati ya maneno haya mawili si ya adabu tu, ni ya usahihi. Aliyekosea anaweza kuonyeshwa. Ukimwita mwongo, kazi yake ya kwanza inakuwa kutetea jina lake, na ushahidi wako hautamfikia.

Tuna kasoro nyingine ya karibu na hiyo. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris walichapisha jaribio ambamo watu walisoma insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro, aliyekuwa kiongozi wa Cuba. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande, hakuuchagua, bado walielekea kuamini kwamba ndivyo anavyofikiri moyoni. Ndivyo tulivyo. Tukiona neno la mtu, tunaruka moja kwa moja hadi kwenye nafsi yake, na mazingira hatuyaoni.

Maandishi huzidisha tatizo. Justin Kruger na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba watu wanaotuma barua pepe fupi huwa na hakika kwamba msomaji atajua kama wanatania au wanamaanisha, lakini wasomaji wenyewe hawakubahatisha vizuri sana kuliko anayerusha sarafu. Sauti uliyoisikia kichwani ulipokuwa ukiandika haikusafiri pamoja na maneno. Kisha kuna kusambaa: utafiti wa William Brady na wenzake wa mwaka 2017 kuhusu mada za mvutano wa kisiasa kwenye Twitter ulikuta kwamba kila neno moja lenye hisia na hukumu ya kimaadili kwa pamoja liliongeza usambazaji wa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Anayepiga kelele husikika mbali zaidi, hivyo tunadhani upande wa pili wote ni wapiga kelele.

Mhandisi aliyeaibika

Mwaka 1863, katika mji wa New Bedford, Massachusetts, mhandisi wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Martyn Robert aliombwa ghafla aongoze mkutano kanisani. Hakujua pa kuanzia. Akaingia tu, akitumaini watu watakuwa waungwana, na mkutano ukamshinda. Aliondoka na aibu, akaapa kutohudhuria mkutano mwingine hadi ajue kitu kuhusu taratibu za kuongoza mijadala. Mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni za mikutano ambacho hadi leo hutumiwa na vyama, makanisa na bodi nyingi.

Ninampenda mtu huyu kwa sababu hakuhitimisha kwamba watu wa New Bedford walikuwa wabaya. Alihitimisha kwamba watu wema bila utaratibu hugombana. Tazama baadhi ya kanuni zake. Mzungumzaji huelekeza maneno kwa mwenyekiti, si kwa mpinzani wake. Kinachojadiliwa ni hoja, si aliyeileta, na hairuhusiwi kumsingizia mtu nia mbaya. Na hakuna anayezungumza mara ya pili wakati yupo anayetaka kuzungumza na hajapata hata mara ya kwanza. Hii ya mwisho ingetosha peke yake kuponya nusu ya mikutano ninayoijua.

Wazo la kuzungumza kupitia mtu wa tatu linaonekana la kizamani, lakini lina ufundi ndani yake. "Mheshimiwa Spika, takwimu alizozitoa mbunge mwenzangu si sahihi" na "wewe umetudanganya" zinaweza kutokana na ushahidi ule ule. Ya kwanza inamlazimisha msemaji atafute maneno, na katika kutafuta maneno hasira hupungua kidogo. Tena inamwachia mwenzake njia ya kurudi: anaweza kusahihisha takwimu bila kupiga magoti.

Hata hivyo, kanuni hizi zina upande wa pili, na haitakuwa haki kuuruka. Julai 2021, katika Bunge la Uingereza, mbunge Dawn Butler alisema Waziri Mkuu Boris Johnson amewadanganya watu mara kwa mara. Kanuni za Bunge hilo zinakataza kumwita mwenzako mwongo ukumbini. Alitakiwa afikirie tena kauli yake, akakataa, akaamriwa kutoka kwa siku iliyobaki. Aliuliza swali ambalo wengi waliokuwa nje walilielewa: inakuwaje anayetaja uongo ndiye anayetolewa nje? Huwezi kuzungumzia staha kwa dhati bila kulikabili swali hili.

Staha ya nani, kwa faida ya nani?

Dhana potofu kubwa kuliko zote ni kwamba mwenye staha hasumbui mtu. Wenye nguvu huipenda dhana hii. Mnyonge akilia, huambiwa apunguze sauti, akipunguza, hasikiki, asiposikika, huambiwa mbona hakusema.

Aprili 1963, Martin Luther King Jr., mchungaji na kiongozi wa harakati za haki za Weusi wa Marekani, alikuwa amefungwa katika jela ya Birmingham, Alabama, kwa kuandamana dhidi ya ubaguzi wa rangi. Viongozi 8 wa dini, wote Wazungu, walikuwa wametoa tamko gazetini wakisema maandamano hayo si ya busara na yamekuja wakati usiofaa, na wakawahimiza Weusi wa mji huo wasiyaunge mkono. Kwa lugha yao, wao ndio waliokuwa wastaarabu. King aliwajibu kwa barua ndefu ya tarehe 16 Aprili. Humo aliandika kwamba amekata tamaa na Mzungu wa siasa za wastani kuliko hata na mbaguzi wa wazi, kwa sababu huyo wa wastani anapenda utulivu kuliko haki.

Ni maneno mazito mno kumwambia mtu anayejiona rafiki yako. Lakini angalia yamebebwa na nini. Barua inaanza kwa kuwaita viongozi wenzake wa dini. Anasema wazi kwamba anawaona kuwa watu wa nia njema. Anachukua lawama zao moja baada ya nyingine, anazitaja kama walivyozitoa wao, ndipo anazijibu. Na mwishoni anatumaini siku moja atakutana na kila mmoja wao, si kama kiongozi wa harakati, bali kama ndugu katika imani. Hakuna tusi. Hakuna pia hata punje ya hoja iliyolegezwa. Ukitaka kujua kama staha na ukali vinaweza kukaa katika sentensi moja, jibu liko pale.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Kama unachomdai mwenzako ni asitukane, unamdai staha. Kama unachomdai ni asilitaje jambo lenyewe, unamdai ukimya, na unapaswa kuliita kwa jina lake.

Dhana nyingine ni kwamba mstahimilivu lazima astahimili kila kitu, hata wale wanaotaka kummaliza. Mwanafalsafa Karl Popper aliligusa hili mwaka 1945, katika maelezo ya pembeni tu ya kitabu chake, na kipande hicho kimekuwa maarufu kuliko kurasa nyingi za kitabu chenyewe. Ustahimilivu usio na mpaka, alisema, mwishowe hujiua, kwa sababu huwaachia nafasi wale watakaoufuta. Wengi huishia hapo na kuitumia kauli hiyo kumfungia mlango kila wasiyempenda. Lakini Popper aliendelea. Alisema maadamu tunaweza kuwajibu watu hao kwa hoja na kuwadhibiti kwa maoni ya umma, kuwazima kwa nguvu si busara. Haki ya kuwazima ibaki kwa siku watakapokataa kabisa hoja na kuwafundisha wafuasi wao kujibu kwa ngumi na bastola. Mpaka wake haukuwa uchungu wa maneno. Ulikuwa mahali ambapo maneno yanaachwa na vurugu inachukua nafasi. Mkataba ule wa 1966, katika ibara ya 20, nao unataka sheria ikataze uchochezi wa chuki za kitaifa, za rangi au za kidini unaoleta ubaguzi, uhasama au ghasia. Kumwambia mtu kwamba imani yake ina makosa si uchochezi. Kuwaambia watu kwamba majirani zao fulani si binadamu, ni wadudu wa kufagiliwa, hicho ni kitu kingine, na hakihitaji kujibiwa kwa upole.

Nigusie pia ile kauli inayozunguka kila mahali kwa jina la Voltaire, mwanafalsafa Mfaransa, kwamba hakubaliani na unachosema ila atakufa akitetea haki yako ya kukisema. Voltaire hakuiandika. Ni ya mwandishi Mwingereza, Evelyn Beatrice Hall, aliyeitumia mwaka 1906 kufupisha msimamo wa Voltaire alivyouelewa yeye. Ni kauli nzuri, lakini tukiwa kwenye mada ya kunukuu wenzetu kwa haki, tuanze na marehemu.

Majibu matatu

Tushuke hadi kwenye sentensi zenyewe, maana huko ndiko mambo yanakoharibika au kupona. Kwenye kundi la wazazi, mama mmoja anaandika: "Simu zipigwe marufuku shuleni. Zinawaharibu watoto wetu."

Jibu la kwanza: "Umeshindwa kulea wako, sasa unataka kuwabana wa wenzako."

Jibu la pili: "Kila mtu na maoni yake jamani, tuheshimiane."

Jibu la tatu: "Mama Neema, nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba watoto hawasikilizi darasani, na usiku hawalali kwa ajili ya simu. Hilo hata kwangu nimeliona. Tunapoachana ni kwenye marufuku ya moja kwa moja. Mwanangu anarudi peke yake jioni, na simu ndiyo inayonijulisha kwamba amefika. Je, marufuku unayoifikiria ni ya saa za masomo, au hata kuzibeba?"

La kwanza halina haja ya maelezo. Ni jiwe kwa mjenzi. La pili ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu limevaa nguo za ustaarabu. Aliyeliandika anaamini amepatanisha watu. Kumbe amewaambia wote wawili kwamba wanachokisema hakina uzito wa kuchunguzwa, wanyamaze kila mmoja na lake, na shule itaamua bila wao.

Katika la tatu, kabla ya kupinga chochote, mwandishi amelirudisha wazo la Mama Neema kwa namna ambayo yeye mwenyewe angesema, "ndiyo, hasa hicho." Akataja wanapokubaliana. Akaonyesha mahali hasa wanapoachana, kwa jambo la maisha yake na si kwa kanuni kubwa. Akamalizia kwa swali ambalo jibu lake halijui. Hii haihitaji kipaji. Inahitaji dakika mbili zaidi, na dakika hizo mbili ndizo tunazonyimana.

Swali la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Philip Fernbach na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2013 ambamo watu wenye misimamo mikali kuhusu sera walitakiwa waeleze, hatua kwa hatua, sera hiyo ingefanyaje kazi. Wengi waligundua kwamba hawaielewi kama walivyodhani, na misimamo yao ikalegea. Walipotakiwa watoe tu sababu za kuiunga mkono au kuipinga, haikulegea. "Kwa nini unaamini hivyo?" humfanya mtu ajenge ngome. "Ingefanyaje kazi?" humfanya afikiri. Tena swali hili linatufaa sisi wenyewe kabla ya kumuuliza mwingine.

Sidai kwamba kila mtu atajibu vyema. Wapo waliokuja kuchokoza tu, na kuondoka kwenye mazungumzo nao si kushindwa. Ila kumbuka kwamba kwa kila wawili wanaobishana hadharani wapo wengi wanaosoma kimya, hawajaamua, na wanapima nani wa kuaminiwa. Mara nyingi unayemjibu siye unayezungumza naye.

Na kuna faida ambayo haipatikani pengine popote. Mwaka 1996, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokuwa ikiamua kesi ya chuo cha kijeshi cha Virginia kilichokuwa kikikataa wanawake, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika hukumu ya walio wengi. Rafiki yake mkubwa, Jaji Antonin Scalia, alikuwa peke yake upande wa kupinga. Scalia alimpelekea rasimu ya pingamizi lake mapema, ingali mbichi, ili apate muda wa kuijibu. Ginsburg alisimulia baadaye kwamba rasimu hiyo ilimharibia mapumziko ya mwisho wa wiki, na kwamba hukumu yake ilitoka bora zaidi kwa sababu yake.

Wanafizikia Albert Einstein na Niels Bohr walibishana kwa zaidi ya miaka 20 kuhusu maana ya nadharia ya kwanta, inayoeleza vitu vidogo mno kama atomu, na hawakukubaliana kamwe. Mwaka 1930, kwenye mkutano wa wanafizikia uitwao Solvay mjini Brussels, Einstein alileta kitendawili cha sanduku la kufikirika lenye mwanga na saa ndani yake, akiamini limeiangusha nadharia ya mwenzake. Bohr alihangaika nalo usiku kucha kabla ya kupata jibu. Einstein alifariki mwaka 1955. Bohr akamfuata Novemba 1962, na kwenye ubao wa chumba chake cha kazi ukakutwa mchoro alioufanya jioni ya kuamkia siku aliyofariki. Ulikuwa mchoro wa sanduku la Einstein.